Kozi ya bunduki mchana na usiku nje ya Arusha: usiku unalipa, mchana unahitaji marekebisho

Kozi hii ya siku mbili na usiku mmoja hufanyika kwenye shamba binafsi nje ya mji wa Arusha, na waandaaji wanaitangaza kama maandalizi ya mashindano ya bunduki ya vitendo. Kwa asiyeujua mchezo, huu ni ulengaji shabaha ambao mshindani hasimami mahali pamoja. Anatembea, anapiga goti, analala kifudifudi, anapiga kupitia dirisha la mbao, na muda unahesabiwa tangu mlio wa taima hadi risasi ya mwisho. Kanuni zinazofuatwa ni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Marekani. Mashindano yake mengi hupigwa mchana, kwa hiyo usiku wa kozi hii ni nyongeza ya waandaaji wenyewe. Na hiyo nyongeza ndiyo inayostahili ada yako. Mchana umeandaliwa kwa bunduki ambazo watu wengi wa Arusha na Moshi hawana kabatini.

Tuanze na kilicho kizuri mchana. Darasa la kwanza, chini ya turubai, ni la hesabu ya alama, na linaeleweka. Karatasi ya shabaha ina kanda tatu: A, C na D. Ukipiga A unapata alama 5, uwe na risasi nzito au nyepesi, yaani yenye nguvu nyingi au kidogo. C ni alama 4 kwa risasi nzito na 3 kwa nyepesi. D ni 2 kwa nzito na 1 kwa nyepesi. Ukikosa kabisa unatolewa alama 10. Jumla inagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Chukua watu watatu wenye risasi nyepesi, kila mmoja akipiga 10. Wa kwanza anaweka zote A kwa sekunde 20: 50 gawanya kwa 20, anapata 2.5. Wa pili anaweka A saba na C tatu kwa sekunde 16: alama 44, sawa na 2.75, kwa hiyo anamshinda aliyepiga safi. Wa tatu naye anatumia sekunde 16, A tisa na moja imeenda porini: 45 toa 10, zinabaki 35, na matokeo yake ni 2.19. Risasi moja iliyopotea imemshusha chini ya wote. Wanaokuja na tabia ya kuwinda, ya kusubiri hadi kila kitu kitulie, hujifunza hapa kuharakisha. Wanaokuja na papara hujifunza gharama ya kukosa.

Hesabu ya pili ni ya nguvu ya risasi, na hapo kozi inajikwaa. Uzito wa risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, unazidishwa kwa kasi yake ya futi kwa sekunde, kisha unagawanya kwa 1,000. Ukifika 320 risasi yako ni nzito. Ukifika 150 ni nyepesi. Sasa piga hesabu ya bunduki za huku kwetu, tukizitaja kwa kaliba, yaani upana wa mtutu. 223 ya greni 55 kwa kasi ya 3,200 inatoa 176, nyepesi. 308 ya greni 150 kwa kasi ya 2,800 inatoa 420, nzito bila wasiwasi. 375 H&H ya greni 300 kwa kasi ya 2,500 inatoa 750. Hizo 430 za ziada hazikuletei hata nusu alama. Unachopata ni teke begani, zaidi ya mara mbili ya lile la 308.

Arusha ni mji wa kampuni za uwindaji na waongozaji wa safari za miguu, kwa hiyo bunduki zinazofika uwanjani mara nyingi ni Brno 602 ya zamani, CZ 550 au Winchester 70, kaliba 375 au 458. Tangazo la kozi linasema tu: njoo na risasi 160, yaani 120 za mchana na 40 za usiku. Nani atapiga risasi 160 za 375 kwa siku mbili? Bega halikubali na mfuko haukubali, hasa kwa kuwa ada haijumuishi risasi, jambo ambalo tangazo haliliweki wazi. Baada ya risasi 20 hivi za kaliba hiyo, watu wengi huanza kufumba macho na kusukuma bega mbele kabla ya mlio. Zinazofuata zote unazifanyia mazoezi ya kukosa. Kama leseni yako ina 308, 30-06 au hata 22, njoo nayo, na ile kubwa uitengee risasi 30 tu za mwisho wa siku ya pili. Usije na bunduki ya kuazima kabla ya kuuliza polisi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 leseni ni yako na silaha yako, haimhusu rafiki.

Dawa ya kushtuka ipo kwenye ratiba, tena ni zoezi zuri, ila linapewa dakika chache mno. Mwenzako anakujazia magazini bila wewe kutazama, risasi halisi zikichanganywa na bandia mbili tatu. Unalenga, unavuta triga, na badala ya mlio unasikia "ka". Hapo tazama mdomo wa mtutu. Ukibaki palepale ulipolenga, uko salama. Ukizama chini kama sentimita tatu au nne, umeuona ugonjwa kwa macho yako na huna wa kumsingizia, si skopu (darubini ya kulengea) wala upepo. Zoezi hili lingestahili saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Unaweza pia kulifanya kwa kaliba yoyote bila kumaliza boksi la risasi.

Mchana unapwaya zaidi kwenye bunduki za bolti, zile za kukokwa kwa mkono kila risasi. Vituo vingi vya mazoezi vimepangwa kwa bunduki zinazojipakia zenyewe: shabaha kumi na mbili, risasi mbili kila moja, songa mbele. Mwenye magazini ya ndani inayobeba risasi 3 hadi 5 anatumia muda mwingi kupakia kuliko kupiga, na mkufunzi akibanwa na foleni humwambia tu apige shabaha sita za mwanzo. Hilo si fundisho. IPSC yenyewe ina madaraja ya bunduki za kukokwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwafanya wenye bolti kuwa wageni waalikwa.

Yale machache yaliyofundishwa kuhusu bolti yalikuwa sahihi, na tunayaongezea nyama. Kitako kisitoke begani. Kiganja kinainua mpini, kinavuta nyuma hadi bolti igonge mwisho, kisha kinasukuma mbele na kushusha, jicho likiwa bado nyuma ya skopu. Kosa kubwa ni kuvuta nusu. Kwenye bunduki za mtindo wa Mauser wa 1898 ganda hutemwa pale tu bolti inapokaribia kabisa mwisho wa safari yake. Ukikatisha njiani, ganda linabaki limeshikwa na ukucha, au linatoka lakini bolti haijarudi vya kutosha kuchukua risasi mpya, nawe unafunga chemba, tundu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa, ikiwa tupu. Kinachosababisha uvute nusu ni kuogopa mpini usikupige usoni. Ndiyo maana jicho likikaribia skopu kupita kiasi, mkono nao huwa mfupi. Sogeza skopu mbele hadi upate nafasi ya kutosha kati ya jicho na lenzi, sentimita 9 hivi kwa kaliba kubwa, na mkono utarefuka wenyewe.

Jambo lingine la Mauser ambalo wengi hawalijui hadi bunduki iwakwamie: risasi ipitie magazini. Usiidondoshe moja kwa moja kwenye chemba na kufunga bolti kwa nguvu, kwa sababu ukucha wa bunduki hizi umeundwa kushika kitako cha risasi inapopanda kutoka chini. Nyingi hazikubali kukiruka kutoka mbele, na ukilazimisha unaweza kuvunja ukucha. Bonyeza risasi ndani ya magazini kwa kidole gumba, ndipo ufunge. Usiku utakushukuru.

Uwanja wenyewe ni wa kuridhisha. Tuta la nyuma ni refu na udongo wake hauna mawe, jambo ambalo si dogo kwenye ardhi ya volkano. Mabamba ya chuma yamening'inizwa kwa minyororo yakiinamia mbele kidogo ili vipande viruke chini, nayo yako mita 100, mbali kuliko zile mita 50 ambazo IPSC inataka angalau. Marufuku kuyapiga kwa 375, na ni sawa, yatatoboka. Wachungaji hupitisha ng'ombe upande wa nyuma wa shamba, kwa hiyo kuna mlinzi mwenye redio na bendera nyekundu juu ya kilima kidogo, na shughuli husimama kila akiishusha. Bunduki yoyote isiyo mikononi hukaa kwenye rafu, bolti wazi, kibendera cha plastiki ndani ya chemba. Amri hutolewa kwa Kiingereza kama kwenye mashindano na maelezo kwa Kiswahili. Mpangilio huo haukumchanganya mtu. Shida moja: mstari unatazama mashariki, na hadi saa tatu asubuhi jua linaingia moja kwa moja kwenye skopu. Vituo vya mbali vingehamishiwa alasiri. Chakula ni wali, maharage na nyama, cha kawaida, na maji yanatosha.

Sasa usiku.

Siku ya kwanza watu hurudi mstarini saa kumi na moja jioni. Huku jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika tano, kutegemea mwezi, na giza haliji polepole. Saa moja na robo limeshatanda. Waandaaji wameutumia muda huo vizuri. Zoezi lilelile unalifanya kwanza bila risasi kukiwa na mwanga, kisha bila risasi gizani, kisha kwa risasi gizani, na hakuna anayeruka hatua. Aliyepapasa kutafuta sefti, yaani kitufe cha usalama cha bunduki, kwenye hatua ya pili alirudishwa ya kwanza, bila kujali cheo chake mjini.

Maandalizi ya usalama usiku ni bora kuliko ya mchana, na ndivyo inavyopaswa. Kila mshiriki ana kijiti cha mwanga wa kijani mgongoni, wasimamizi wana nyekundu. Ncha mbili za tuta zina taa ndogo nyekundu, nawe mdomo wa mtutu hauruhusiwi kutoka kati ya taa hizo. Wanapiga wawili tu kwa wakati mmoja, kila mmoja na msimamizi wake kwa umbali wa mkono. Ukaguzi wa bunduki tupu hufanywa kwa jicho na tochi, kisha kwa kidole: ncha ya kidole kidogo ndani ya chemba, halafu juu ya sahani ya magazini. Kidole hugundua risasi ambayo kivuli cha mkono kimeificha. Polisi na ofisi ya kijiji walikuwa wameshaarifiwa kabla, jambo la busara kwa milio ya usiku mahali popote.

Macho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na skrini ya simu inaufuta uzoefu huo papo hapo. Simu zinakusanywa kwenye ndoo, na watu walilalamika, lakini wakufunzi wako sahihi. Mwale wa moto mdomoni mwa mtutu nao unapofusha. Kaliba kubwa yenye mtutu mfupi hutoa mpira wa moto, na kile kifaa cha kupunguza teke huutawanya pembeni hadi usoni mwa jirani. Kama chako kinafunguliwa, kiache nyumbani usiku huo.

Somo la skopu usiku lilikuwa la kiwango cha juu. Upana wa mwanga unaofika jichoni ni kipenyo cha lenzi ya mbele ukigawanya kwa ukuzaji. Skopu ya 1-6x24 ikiwekwa kwenye 6 inatoa milimita 4. Ukishusha hadi 4 inatoa 6. Mboni ya jicho gizani hufunguka kati ya milimita 5 na 7, kwa hiyo kuikuza zaidi kunakufanya uone vibaya zaidi. Watu huzungusha pete hadi mwisho wakidhani wanasaidia jicho, kumbe wanalinyima mwanga. Msalaba unaowaka nao uwekwe kwenye kiwango cha chini kabisa unachoweza kuuona. Ukizidi, unameta na kuifunika shabaha.

Kuhusu tochi, hapa ndipo wengi walipoteza muda. Usinunue kwa kuangalia lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Kinachofika mbali kinapimwa kwa kandela. Gawanya kandela kwa mita zilizozidishwa zenyewe upate mwanga unaoangukia shabaha: tochi ya kandela 10,000 inaweka luksi 4 kwenye mita 50 na luksi 1 kwenye mita 100. Umbali mkubwa ulioandikwa kwenye boksi huhesabiwa hadi robo luksi tu, mwanga unaokaribiana na wa mbalamwezi. Unaona kuna kitu, hujui ni nini. Kwa kozi hii tafuta kandela 10,000 au zaidi, na kuwa na mashaka na tochi ya sokoni iliyoandikwa lumeni 100,000.

Halafu teke. Tochi yenye hali nyingi, mwanga mkali, hafifu na wa kumwekamweka, inabadili hali kila risasi inapopigwa. Betri inaruka nyuma, inabana springi, umeme unakatika kwa sekunde ndogo mno, nayo tochi inadhani umebonyeza swichi. Washiriki kadhaa walipiga risasi ya kwanza kwenye mwanga na ya pili kwenye disko. Unahitaji tochi ya hali moja, yenye springi pande zote mbili za betri. Betri mbili za CR123A zinatoa volti 6. Betri moja ya 18650 ikiwa imejaa ni 4.2. Si kila tochi inakubali zote mbili, soma maandishi ya ndani ya mfuniko kabla hujaichoma.

Mahali pa kuifunga nako kuna kesi. Brno ya mti haina reli, na mafundi wengine huibana tochi kwenye mtutu kwa klipu ya chuma. Kufanya hivyo kunabadili mtikisiko wa mtutu, na risasi inahama. Funga kwenye mti wa mbele, kisha uhakikishe ziro ya skopu, yaani kwamba risasi inaangukia pale unapolenga, tochi ikiwa mahali pake, mchana, kwa risasi tatu kwenye mita 100. Kozi haikutenga muda wa kufanya hivyo, kwa hiyo fanya mapema. Na kumbuka kwamba skopu iko sentimita 4 hivi juu ya mtutu: kwenye shabaha ya mita 10, bunduki iliyopangwa kwa mita 100 inapiga karibu sentimita 3.5 chini ya ulipolenga. Mchana mtu huliona tundu na kujirekebisha. Usiku haoni, anaendelea kupiga palepale chini.

Kitu kimoja ambacho wakufunzi hawa wanakijua kuliko vitabu vya nje ni vumbi letu. Miezi ya kiangazi udongo wa hapa ni unga. Ukilala kifudifudi ukapiga risasi moja, kishindo kinainua wingu mbele ya mtutu, na mwanga wa tochi ukiligonga unabaki unatazama ukuta mweupe. Dawa yao ni ndoo mbili za maji zinazomwagwa mbele ya kila nafasi kabla ya zamu, na turubai lililolowa chini ya mdomo wa mtutu. Kwa waliopiga wamesimama, dawa ni kuzima, kusogea hatua moja upande ambao upepo unatoka, na kuwasha tena.

Utaratibu wa kupiga wenyewe ni washa, tambua, piga, zima, na mkazo uko kwenye neno la pili. Katikati ya shabaha huwekwa karatasi zenye alama ya marufuku, na ukiipiga moja unatolewa alama 10 sawa na kukosa. Mchana karibu hakuna aliyezigusa. Usiku ziliguswa nyingi, zaidi na waliokuwa na kidole kwenye triga kabla ya kuwasha. Wakufunzi pia wanasema wazi kwamba haya si mafunzo ya kuwinda usiku kwa tochi, jambo ambalo sheria ya wanyamapori inalikataza.

Masikio: bunduki hizi, ukiacha 22, hupita desibeli 140, kiwango ambacho kishindo kimoja kinatosha kuumiza. Vaa viziba vya povu ndani na vifunika masikio vya elektroniki juu yake, ili usiku usikie amri bila kuvua chochote. Waandaaji wanakodisha vya kawaida tu.

Kama wataigawa siku ya kwanza makundi mawili, bolti upande mmoja na zinazojipakia upande mwingine, na kuandika risasi zinazohitajika kwa kila kaliba, mchana wao utaufikia usiku wao. Kwa sasa mwenye 375 aombe kuhudhuria usiku tu. Ukiuliza, wanakubali kwa ada pungufu.

Zoezi linakwisha saa nne usiku na umande unakuwa umeshaanza, kwa hiyo futa mtutu na bolti kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuzifungia kwenye mfuko, la sivyo asubuhi utakuta kutu nyekundu kwenye mpini. Barabarani kuelekea mjini kuna uwezekano wa kusimamishwa na polisi. Bolti iwe imetolewa, risasi kwenye kisanduku tofauti nyuma ya gari, leseni mfukoni. Washa taa ya ndani, weka mikono kwenye usukani, na mwambie afande kuna silaha ndani ya gari kabla hajaiona mwenyewe.